Malenge Ndani ya Tangi

Mbwa analinda boma, kuku anataga, paka anakamata panya. Samaki wa kuangaliwa anafanya nini? Anazunguka. Sijawahi kumwelewa mtu anayefuga kitu cha kuzunguka, na mpaka leo nikikutana naye namdharau bila kujificha. Lakini niseme mapema, msije mkanidhani mwerevu kwa jinsi nitakavyowasema wengine humu: katika miaka ya sabini, nikiwa fundi wa vioo na nikikaa Kambi Muru, Kibera, mimi mwenyewe nilikuwa mlishaji wa samaki wa kuangaliwa kwa miezi minne. Wala si samaki wote. Nilikabidhiwa wawili tu, wale wa chini.

Mwenye samaki alikuwa na ploti Kawangware. Siku hizo kule kulikuwa bado na mahindi na ng'ombe katikati ya nyumba, na wenyeji waliorithi ardhi kutoka kwa baba zao walikuwa wameanza kuelewa kwamba chumba cha mabati kinazaa kuliko shamba la viazi. Huyu alielewa mapema kuliko wenzake, na tangu aelewe hakuinama tena kuokota kitu. Kalamu ikimwanguka, aliita mtu. Sebule yake ilijaa viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, vingi mno hata mgeni hakujua aegemee wapi bila kuangusha kimoja. Redio ilisema kutwa nzima na hakuna aliyeisikiliza. Nje, chini ya kibanda cha mabati, kulikuwa na mashine ya kukata nyasi, na uani kwake hapakuwa na unyasi hata mmoja. Kuku walikuwa wamezimaliza zamani.

Mashine hiyo, viti hivyo na tangi la samaki, vyote alivinunua siku moja kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Nadhani hata angeuziwa jivu la mahali pa moto angelibeba. Tangi lilikuwa la fremu ya chuma na vioo pande zote, urefu wake kama kitanda cha mtoto, na katika kupakiwa na kupakuliwa likaanza kuvuja. Ndipo nikaitwa mimi, kwa sababu nilikuwa napita hapo nje na vioo mgongoni, nikitangaza kazi yangu kwa sauti.

Asiyewahi kubeba vioo hajui upepo ni nini. Unavipanga kwenye fremu ya mbao, unajitia mikanda mabegani, halafu unatembea ubavu ubavu kila unapovuma. Nilikuwa natoka Kambi Muru asubuhi, navuka Barabara ya Ngong, nafika Kawangware, napita mpaka Riruta, nikitafuta dirisha lililovunjika. Nikisikia watoto wanacheza mpira karibu na nyumba, nilipunguza mwendo kwa matumaini. Bega langu la kulia lilikuwa na kidonda kisichopona kwa sababu kila siku nilikitonesha upya.

"Fundi, hii kitu inalia maji," yule mwenye ploti aliniambia bila kuinuka kitini.

"Ni puti, mzee. Imekauka ikapasuka."

Nilihamishia samaki kwenye karai, nikakwangua puti yote ya zamani, ule unga wa mafuta unaoshika kioo kwenye fremu, nikatia mpya niliyoichanganya na lami kidogo, nikaiacha siku mbili. Niliporudi kulijaza, halikuvuja hata tone. Hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha, na laiti ningeondoka. Lakini mzee alikuwa na maswali.

"Kwenu ni wapi?"

"Western, mzee."

"Western kule kwa ziwa?"

Sasa, kwetu ni milimani. Ni mawe makubwa kama nyumba, migomba, na kijito ambacho ng'ombe hukivuka bila kulowa tumbo. Samaki tulimwona tu pale shangazi alipotutembelea kutoka Kisumu, na samaki mwenyewe alifika amekauka, macho hana. Ziwa lenyewe nililiona mara ya kwanza siku ile nilipopanda gari moshi kuja Nairobi, nikiwa tayari mtu wa ndevu. Lakini nyuma ya yule mzee, ukutani, ulining'inia mchoro wa nyumba alizokuwa anajenga Riruta: vyumba ishirini mstari mmoja, kila kimoja na dirisha lake. Nikayahesabu yale madirisha. Kazi kama ile ingenikalisha mahali pamoja wiki nzima nzima, vioo vikiletwa kwa gari badala ya mgongo wangu, na baada ya hapo hakuna ambaye angeniita tena fundi wa kupita.

"Huko huko, mzee," nikasema.

Alipiga goti lake kwa furaha. "Basi wewe ni mtu wa samaki! Mwezi mzima natafuta mtu wa samaki. Sisi huku hatujui hii mambo, hata hatukuli."

Alikuwa anasema kweli. Wazee wa Kikuyu wa umri wake hawakula samaki kamwe. Walimwona kama jamaa ya nyoka. Yaani alikuwa amejaza sebuleni kwake wanyama ambao asingethubutu kuwatia mdomoni, na kuwashika alikuwa anaogopa. Siku ya kuwatoa kwenye karai alisimama mlangoni, mikono nyuma, akinielekeza kwa kidevu.

Wa juu walikuwa wengi, rangi ya machungwa, wenye mikia ya kupeperuka, na walikuja mbio kila mtu alipokaribia kioo. Ombaomba watupu. Chini kabisa, juu ya kokoto, walikuwa wale wawili. Weusi, ngozi ngumu yenye madoa, na mdomo haukuwa mbele kama wa samaki wa kawaida, ulikuwa chini ya kichwa, mpana, umegandamana na kioo. Ukisimama nje ulikuwa unauona ukifunguka na kujifunga, kutwa kucha, ukilamba. Walikuwa wabaya wa sura, sitawapamba.

"Mzungu aliniambia hizi mbili za chini ndio za maana," mzee akasema. "Hizi zingine ni maua tu. Hizi mbili zinafanya kazi. Zinasafisha."

"Na chakula yake ni gani?"

"Chakula? Si zinakula uchafu?"

Hivyo ndivyo alivyofikiri. Aliye chini akifanya kazi, basi uchafu wa kazi yake ndio mshahara wake. Nilimdharau kwa neno hilo moja kuliko nilivyomdharau kwa mashine ya nyasi, na dharau yenyewe ikaniponza, kwa sababu iliniaminisha kwamba kama yeye hajui, basi mimi najua.

"Hizi mbili zikikaa hai mpaka nyumba za Riruta zifike lenta, pale juu ya madirisha," akaniambia, "vioo zote ni zako. Zikikufa, usiniletee puti yako tena hapa."

Tukakubaliana niwe nakuja Jumatano na Jumamosi.

Nilianza kwa kwenda mjini, kwenye duka moja lililouza ndege wa vizimbani na vikolombwezo vya mbwa wa matajiri. Karani wa pale alikuwa amefunga tai. Nikamwonyesha mkebe wa unga ambao nyumbani kwa mzee walikuwa wanaumwagia tangi zima asubuhi na jioni.

"Hii ni ya samaki gani?"

"Ni ya samaki."

"Samaki wa juu ama wa chini?"

"Ni ya samaki," akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma.

Alikuwa hajawahi kuona samaki wa chini. Alikuwa ameona mikebe. Nilitoka bila kununua kitu, nikatema mate barabarani. Hata kipofu angejua shida ya ule unga. Ulikuwa unaelea, wa juu wanaufagia wote, na kabla chembe moja haijafika kwenye kokoto tangi limeshakuwa tupu. Chakula cha samaki wa chini lazima kizame. Hilo niliwaza mwenyewe, hakuna aliyenifundisha, na mpaka leo najivunia. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kuzama kunatosha.

Nikaleta maini kutoka kwa bucha, nimeyakatakata kama punje za mchele. Yakazama. Wawili wangu wakayapita kana kwamba ni kokoto. Nikaenda kuchimba nyungunyungu kando ya bwawa, kule chini ya Kibera, nikawaleta kwenye mkebe wa kahawa. Wa juu waliwashukia kama mvua na wa chini wakajificha nyuma ya jiwe. Mwishowe nikafikia omena, vile visamaki vikavu vya ziwani. Mtu wa ziwa asipoleta omena atakuwa mtu wa ziwa gani? Nilizitwanga kwenye kinu cha jirani, nikazikanda na ugali wa jana, nikaviringisha vidonge vidogo vizito na kuvianika juu ya mabati.

Jirani mwenyewe alikuwa seremala. Alinikuta navigeuza vikauke.

"Hiyo ni nini?"

"Chakula ya samaki."

"Umesagia samaki samaki?"

"Ndiyo."

"Na wewe leo unakula nini?"

"Sukuma wiki."

Akacheka mpaka akakaa juu ya mbao zake. "Aki wewe ndio ungewekwa kwa hiyo tangi!"

Nikaendelea kuvigeuza. Alikuwa mtu ambaye vitanda vyake vililia wiki ya kwanza. Nisingepokea mashauri kutoka kwake. Laiti ningesikiliza nusu tu ya kicheko kile.

Vidonge vilizama vizuri sana, na wa juu wakavifuata mpaka chini. Hapo nikatumia ufundi. Nilikata kipande cha kioo sawasawa na upana wa tangi, nikakipiga msasa kingo zake, nikakisimamisha ndani ili kitenge pembe moja, nikawatia wale wawili upande wao peke yao. Kazi safi, hata mzee aliinuka kitini kuja kuitazama. Nikadondosha vidonge kumi upande wa wale wawili. Nikangoja. Hawakusogea. Jumamosi nilipokuja, vidonge vyote kumi vilikuwa pale pale, vimeota manyoya meupe, na sebule nzima ilikuwa inanuka kama soko la samaki la Gikomba saa kumi jioni.

"Ni kawaida?" mzee akauliza, leso puani.

"Ni kawaida, mzee. Ndivyo ziwa linanuka."

Na sasa nije kwenye kioo. Mimi ni fundi wa vioo. Kioo kichafu kinanikera mwilini, kama wengine wanavyokerwa na ukucha juu ya ubao. Lile tangi lilikuwa chini ya dirisha, na taa ya umeme iliwaka juu yake kutwa, kwa hiyo kila siku mbili tatu vioo vilifunikwa na utelezi wa kijani. Hao wanaosifiwa kwa kusafisha, nikawaza, mbona hawamalizi? Wavivu. Basi kila nilipokuja nilivua shati, nikatia mkono mpaka begani, nikakwangua utelezi wote kwa wembe, pande zote nne, mpaka kwenye mawe. Halafu nje nilipiga spiriti na gazeti. Nilipomaliza ulikuwa huoni kioo, unaona samaki wanaogelea hewani. Sikuwahi kung'arisha dirisha la mtu kama nilivyong'arisha lile tangi.

Lakini palikuwa na mtu aliyeniharibia kazi. Kila nilipofika niliokota humo ndani kipande cha malenge yaliyochemshwa, kimefungwa uzi, na mwisho wa uzi kokoto la kukizamisha. Mara nyingine lilikuwa jani la malenge lililopikwa likalegea. Nilidhani ni wajukuu wa mle ndani wanacheza. Nilivitoa, nikavitupia kuku, nikanung'unika kwa sauti ili nisikike jikoni. Vipande vyenyewe vilikuwa vimelambwalambwa upande mmoja, vimekuwa na mashimo kama mahindi yaliyogugunwa. Niliona mashimo hayo kwa macho yangu. Nikadhani yameoza.

Mama yake mwenye ploti, Cucu kama wajukuu walivyomwita nyanya yao, alikuwa anakaa mle sebuleni, juu ya kigoda cha miguu mitatu, kando ya tangi. Viti vyote vile vya vitambaa na yeye hakukalia hata kimoja. Alikuwa mzee sana, masikio yake yametobolewa tundu kubwa za zamani, shuka begani. Kutwa alikuwa anamenya kitu au anaangalia wale wawili. Nilimpita kila mara kama ninavyopita meza. Mtu ambaye kwao samaki ni nyoka atakuwa anaona nini mle ndani, nilijiuliza, na jibu nikajipa mwenyewe: haoni kitu, amezeeka tu.

Mwezi wa tatu mmoja akafa. Nilimkuta Jumatano chali juu ya kokoto, tumbo limeingia ndani. Nyumba za Riruta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Mzee hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

"Imebaki moja," alisema. "Moja ikibaki nitasema zilibaki. Hiyo ikienda, wewe pia unaenda."

Nilirudi Kibera kwa miguu nikiwa na hofu ya kweli. Niliogopa kurudi barabarani na vioo mgongoni, na kidonda changu, na kuwa yule yule. Nikaongeza omena. Nikaanza kuja kila siku. Nikakwangua vioo kila siku.

Kwa sababu nilikuwa nakuja kila siku, asubuhi moja nilifika kabla hawajanitarajia, nikamkuta yule mama mzee amesimama kando ya tangi, mkono ndani ya maji, akishusha kipande cha malenge kwa uzi.

"Cucu! Kumbe ni wewe unachafua hii maji?"

Hakushtuka. Alikishusha mpaka kikatua, akakausha mkono kwenye shuka. "Sichafui. Nalisha."

"Hii ni samaki, Cucu. Samaki inakula nyama, inakula dudu. Haikuli malenge."

"Hiyo ya juu, sijui. Hii ya chini ni ya majani. Angalia mdomo yake. Si ya kuuma, ni ya kulamba. Mbuzi yangu ilikuwa inalamba ukuta hivyo hivyo. Ile kijani kwa kioo, ndio chakula yake. Wewe unakuja na wembe unaitoa yote. Sasa mimi nitafanya nini? Naipikia."

Nilicheka. Sikuwa na la kucheka, nilicheka ili akome. Nikamwambia maneno ambayo kwa miaka yote hii sijapata pa kuyaficha: "Cucu, nyinyi hata hamkuli samaki. Mtajua aje chakula yake?"

Akaniangalia kwa upole, na upole wenyewe uliniudhi. "Wewe unajua samaki ya sahani," akasema. "Ya sahani haikuli."

Akarudi kwenye kigoda chake. Mimi nikavuta uzi, nikatoa malenge, nikaenda kuwatupia kuku. Sijui kama nilimwamini. Nadhani nilimwamini. Lakini kama alikuwa sahihi, basi mimi, fundi, mtu wa ziwa, miezi mitatu nilikuwa nawanyang'anya wale samaki chakula kwa mkono mmoja na kuwanukisha maji kwa mkono wa pili, na aliyeliona hilo alikuwa bibi wa kigoda. Sikuweza kulimeza. Siku ile nilikwangua vioo kuliko siku zote.

Wiki ya pili yake, Jumamosi, wa mwisho akafa. Mzee alikuwa ameenda Riruta kwa wajenzi. Nilimtoa samaki kwa mkono, alikuwa mwepesi ajabu, nikampeleka nyuma ya kibanda cha mashine ya nyasi. Sijui nilitaka kuona nini. Nilimweka juu ya tofali, nikampasua kwa kisu changu cha puti.

Utumbo wake ulikuwa uzi mrefu mwembamba uliojikunja, mzunguko juu ya mzunguko. Kila aliyewahi kuchinja mbuzi na kuchinja paka wa mwitu anajua tofauti. Mla nyama utumbo wake ni mfupi. Huu ulikuwa wa mla majani, hata mtoto wa kwetu angekuambia. Nilioupasua ulikuwa mtupu karibu wote. Omena haikuwemo. Ndani, karibu na mwisho, palikuwa na kitu kidogo cha kutosha kupaka ukucha mmoja, rangi ya malenge.

Nilimzika kwa kisu kile kile. Nilikuwa bado nimechuchumaa nilipomsikia mzee anaita kutoka sebuleni.

"Fundi! Samaki iko wapi?"

Niliingia. Mama yake alikuwa kwenye kigoda. Alikuwa ameshaona tangi ni tupu chini.

"Imekufa, mzee."

"Imeuliwa na nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa bado kwenye kisu, mkononi mwangu. Ukutani, nyuma ya kichwa chake, ule mchoro na madirisha ishirini ulikuwa pale pale.

"Malenge," nikasema. "Cucu amekuwa akitia malenge ndani. Imeharibu maji. Nimetoa nikitoa, hata leo nimetoa."

Kila neno nililosema kuhusu malenge lilikuwa na ushahidi. Watoto wa nyumba walikuwa wamemwona akitia. Kuku walikuwa bado na vipande midomoni. Mzee akamgeukia mama yake, akamsemesha kwa Kikuyu, kwa sauti ambayo mtu hamsemeshi mama yake mbele ya mgeni. Yeye hakujitetea. Alisema sentensi moja fupi ambayo sikuielewa na mwanawe hakunitafsiria, halafu akaniangalia, na sikuweza kumtazama usoni. Nikaangalia kioo. Kilikuwa safi kabisa.

"Basi si makosa ya fundi," mzee akasema.

Kigoda kilihamishiwa jikoni siku ile ile. Na mimi nikapata madirisha.

Kuhusu kazi ya Riruta sina mengi. Vioo vililetwa kwa gari. Niliketi kivulini, nikakata, nikapiga puti, na kidonda cha bega kikafunga chenyewe. Watu walianza kunijua kwa kazi hiyo, na waliokuja kunitafuta Kambi Muru baadaye walinitafuta kwa sifa ya vyumba vile. Huyo mwenye ploti niliendelea kumdharau, na sikuona haya: alijaza chini ya tangi konokono wa plastiki, akawaambia wageni kwamba samaki wa chini walikufa kwa sababu ya mama yake, wote wakacheka, na mimi nilikuwepo.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba vyumba vile vilikuwa vimejengwa juu ya shamba la yule mama. Kipande kilichobaki, kando ya ukuta wa nyuma, kilikuwa na mimalenge, imetambaa mpaka kwenye mchanga wa wajenzi. Tangu afukuzwe sebuleni alikuwa anashinda huko, na jiko la mawe matatu. Niliiona shuka yake kila siku kupitia madirisha matupu, na kila dirisha nililolitia kioo nilishukuru, kwa kuwa jua likikipiga sikumwona tena vizuri.

Siku ya dirisha la mwisho akaniita.

"Fundi, kuja ule."

Singeweza kukataa mbele ya wajenzi. Nikaketi juu ya tofali. Akanipa sahani ya malenge ya kuchemsha, moto, na chai kwenye kikombe cha bati, naye akaketi mbele yangu asile.

"Kwenu munakula nini?"

Miezi yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. "Ugali, Cucu. Mboga ya majani. Ndizi."

"Samaki?"

"Kwetu hakuna ziwa," nikasema. "Ni milima. Mawe tu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetafuta kitu siku nyingi akakiona kilikuwa wapi. "Kwa hivyo wewe pia ulikuwa hujui."

"Nilikuwa sijui, Cucu."

"Mimi nilikuwa najua," akasema. Hakusema kwa kujisifu wala kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtoto wake. Halafu akangoja.

Nilijua anangoja nini. Mwanawe alikuwa hatua ishirini kutoka pale, akihesabu madirisha na wajenzi, angenisikia hata bila kupaza sauti. Nikachukua kipande kingine cha malenge, kikubwa, nikakitia chote mdomoni kikiwa bado kinaunguza. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kusema na chakula kimejaa mdomoni. Nikatafuna polepole, nikitazama chini, mpaka akachukua sahani akaenda kuiosha.